DENTI YUKO KITUONI, REJESTA YASEMA MTORO

UKITAKA kumjua mtoro ni nani katika jiji hili la Dar es Salaam, msomaji wangu, usihangaike kwenda shuleni. Nenda kituo cha daladala saa kumi na mbili asubuhi, nunua kahawa yako na kashata, kaa pembeni utazame sinema ya bure.

Mimi nilifanya hivyo Jumanne moja. Kituo chenyewe kiko huku njia ya Gongo la Mboto, sikitaji kwa sababu kesho nataka kupanda gari palepale. Madenti walikuwa wamejaa kama siafu. Wakubwa, wadogo, wengine begi limewazidi kimo. Gari likija, konda anateremsha mguu mmoja, anawatupia jicho, halafu anatangaza kama hakimu: "Denti wawili! Wawili tu, nimesema!" Hapo ndipo kivumbi. Wanaopanda ni wenye viwiko na wenye mbio. Wadogo wanabaki wamekumbatia mia mbili zao.

Gari la pili likaja. "Denti hatupakii, tumejaa." Uongo mtupu, viti vitatu nimeviona kwa macho yangu. La tatu ndiyo kabisa, dereva alipoona mashati meupe akapitiliza, akaenda kusimama mbele kule karibu na duka la saruji, watu wazima wakalikimbilia. Na madenti nao wakalikimbilia. Lilipokwisha kuondoka wakarudi polepole, wanatembea wanacheka, maana wafanyeje?

Kulikuwa na kabinti kamoja, la tano au la sita hivi, sweta limetoboka kiwikoni. Nilikakuta pale na saa moja na nusu ikapita kakiwa palepale. Nikamuuliza, mdogo wangu, wewe umetoka nyumbani saa ngapi?

"Saa kumi na moja, kaka."

Na ukichelewa shuleni inakuwaje? Hakusema kitu. Alinionyesha viganja vyake, akacheka kidogo, akageuka kutazama gari lililokuwa linakuja.

Nikamfuata konda mmoja aliyekuwa anasubiri zamu, nikamwambia, braza, mbona mnawafanyia hivi watoto wa watu? Akaniangalia juu mpaka chini. "Unanilaumu bure," akasema. "Piga hesabu. Njia fupi mtu mzima anatoa 600, denti 200. Nikipakia denti kumi nina buku mbili. Nikipakia watu wazima kumi nina buku sita. Jioni bosi anataka hesabu yake kamili, hata siku moja hajaniuliza leo umebeba denti wangapi."

Nikakosa la kumjibu. Nauli hizo ndivyo zilivyopangwa Desemba 2023: ya mtu mzima ikapandishwa, ya denti ikaachwa kwenye 200. Ni huruma kwa mwanafunzi, sikatai. Ila huruma hiyo konda ndiye anayeilipia, naye hataki, kwa hiyo bili inarudi kwa yule kabinti wa sweta bovu.

Sasa fuatana na denti huyo hadi shuleni. Anafika saa mbili na nusu, jasho linamtoka. Getini yupo mwalimu wa zamu na viranja wake. Waliochelewa wanapangwa mstari, hakuna kuulizwa umetoka wapi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, mwenye ruhusa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, kosa liwe kubwa, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Wewe uliyesoma nchi hii, hebu niambie, kitabu hicho uliwahi kukiona? Mimi miaka yangu yote sikukiona. Na wapo madenti ambao ikifika saa mbili bado wako kituoni, wanajua kinachowangoja getini, basi wanaona bora kugeuza zao. Siku hiyo rejesta inaandika mkasi. Mtoro!

KUKIMBIA UMANDE

Msinielewe vibaya. Watoro wa kweli wapo, na nawajua kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa kiongozi wao.

Wazee wakimsema mtu aliyeacha shule husema alikimbia umande. Walikuwa wanapita kwenye majani alfajiri miguu mitupu, umande unawauma, mwenye moyo mwepesi anarudi kulala. Sisi wa mjini umande hatukuujua, tulikimbia hesabu. Unatoka nyumbani umevaa sare safi, ndani ya begi umeweka tisheti. Kona ya kwanza, shati la shule linaingia begini. Kuanzia hapo wewe ni raia. Unakwenda banda umiza kuangalia filamu za mapigano, au kwenye gemu, na wenye nauli ya ziada mpaka Coco Beach. Saa tisa alasiri unavaa tena sare na kurudi nyumbani umechoka kama mtu aliyesoma. Bi mkubwa anakupakulia ugali, anasema mwanangu soma, mwanangu.

Kesho yake unaandika barua ya ruhusa kwa mkono wa kushoto ili mwandiko ufanane na wa mtu mzima. Mimi bibi yangu mzaa baba alifariki mara mbili mwaka 2014 na mara moja alilazwa. Nashukuru Mungu mpaka leo anadunda, na anapenda sana kuuliza kwa nini sikuwa mhasibu.

Huo mwaka 2014 nilikuwa Form Two katika shule moja ya kata, zile tulizokuwa tunaziita yeboyebo. Jina naliacha. Enzi hizo ada ya shule ya serikali ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ukiisikia unaona ndogo. Lakini nyuma ya ada walikuwepo ndugu zake: mchango wa mlinzi, mchango wa dawati, mchango wa mtihani wa majaribio, na kiboko yao, rimu ya karatasi. Asubuhi mstarini yanasomwa majina. Ukisikia lako, unatoka na begi lako. "Usirudi bila rimu!"

Bi mkubwa wangu alikuwa anakaanga samaki. Saa kumi alfajiri yuko kwenye gari la kwanza kwenda Feri kuwahi mnada, mchana anakaanga, jioni anauza. Siku samaki wakipanda bei, rimu hakuna, na mimi siku hiyo niko mtaani kwa amri ya shule. Kesho hivyo hivyo. Mwisho nikaona sasa kuna haja gani ya kwenda kusomwa jina mbele za wasichana? Nikazoea. Utoro wangu ulianza hivyo: siku za kwanza nilifukuzwa, zilizofuata nikajifukuza mwenyewe.

Siku nilipobanwa na mwalimu wa nidhamu, nikaambiwa nilete mzazi. Kumwambia bi mkubwa sikuweza. Akikosa siku moja Feri, usiku huo nyumbani hatuli. Nikafanya kile ambacho madenti wote wa jiji hili wanakijua. Nikakodi mzazi.

Alikuwa fundi viatu pale sokoni, mzee wa makamo mwenye kitambi cha kuaminika. Tukapatana shilingi 3,000 na soda. Nikamfundisha jina langu kamili, darasa langu, na kwamba yeye ndiye baba. Baba yangu mwenyewe alishaondoka zamani, kwa hiyo nafasi ilikuwa wazi. Fundi akaazima koti la suti kwa fundi cherehani, akapendeza, nikatamani awe baba moja kwa moja.

Ofisini mwalimu akasoma mashitaka yangu. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa, akatoa leso akajifuta. Akaulizwa, sasa mzazi unasemaje? Tulivyopatana alitakiwa aseme, "Naahidi nitamfuatilia." Badala yake akasema, "Mwalimu, naomba fimbo." Bwana weee! Yule mzee alinichapa kama vile nilimwibia kiatu. Sita, hakuna hata kimoja cha kuigiza. Nikalia machozi ya kweli huku nawaza buku tatu yangu na soda.

Hapo ndipo akaingia makamu mkuu wa shule. Akamtazama fundi. Akamtazama tena. "Mzee, wewe si ndiye uliyekuja wiki iliyopita kwa yule kijana wa Form Three? Ulisema ni mjomba wake."

Fundi hakuyumba. "Ukoo wetu ni mkubwa, mwalimu," akajibu, akaaga, akaondoka na koti la watu.

BI MKUBWA NA REJESTA

Safari hii barua ilipelekwa nyumbani na kiranja, mkononi mwa mama mwenyewe. Alikuja Alhamisi. Feri hakwenda. Alivaa khanga zake nzuri lakini harufu ya mafuta ya samaki haina khanga, na wasichana wa darasa la jirani wakachungulia dirishani wakacheka. Nikatamani ardhi inifunike.

Mwalimu wa darasa akafungua rejesta, akaizungusha mama aone. "Mama, kijana wako siku 41 hazina vema."

Wengi pale walidhani mama muuza samaki hajui kusoma. Mama yangu ni wa UPE, ile iliyotokana na Azimio la Musoma la 1974, serikali ilipoamua kila mtoto aende shule ifikapo 1977. Watani waliita UPE Ualimu Pasipo Elimu, lakini la saba alimaliza na kusoma anasoma. Akaweka kidole kwenye mkasi wa kwanza, akasoma tarehe. Akasogea wa pili. Akafika mahali akasimama. "Hii tarehe mlimrudisha kwa ajili ya rimu. Naikumbuka, ndiyo siku niliyokopa kwa jirani." Akaendelea. "Na hii. Hii pia, hii ya mlinzi."

Walihesabu pamoja. Mwalimu, naye alikuwa mtu muungwana, akakubali kwamba 17 kati ya zile 41 ni siku ambazo jina langu lilisomwa mstarini nikatolewa. "Lakini mama," akasema, "rejesta haina alama ya aliyerudishwa. Mwenye barua ya ruhusa ana alama, mgonjwa ana alama. Wengine wote ni aliyekuja na asiyekuja."

Mama akafunga rejesta polepole. "Sawa. Hizi ishirini na nne ni zake, mtandikeni. Hizi kumi na saba, nani atandikwe?"

Hakuna aliyejibu. Mwalimu wa nidhamu alianza kupanga chaki mezani. Mimi nilichimba shimo la takataka wiki nzima kwa ajili ya zile 24, na nilistahili. Zile 17 hazikufutwa, zimo kwenye rejesta ile mpaka leo kama haijaliwa na mchwa. Kabla ya kuondoka mama akamwachia mwalimu namba yake ya simu, akamwambia, asipoonekana saa mbili, nibipu tu. Hapo utoro wangu ukafa. Sikuwa nimeokoka, nilikuwa nimezingirwa.

Sheria, kwa wanaopenda kusema hawakuambiwa, ipo siku nyingi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule ya msingi aandikishwe, na akishaandikishwa ahudhurie mfululizo hadi amalize. Kazi ya kuhakikisha hayo imewekwa kwa mzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeweka elimu kuwa haki ya mtoto, na mzazi anayepuuza wajibu wake anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au jela miezi isiyozidi 6, au vyote viwili. Huku mtaani mambo huishia kwa mtendaji wa kata. Mzazi anaitwa, anafokewa, anaandika maelezo, anarudi nyumbani. Na Februari 1, 2025 ilizinduliwa sera ya elimu iliyofanyiwa marekebisho, elimu ya lazima sasa ni miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa hiyo ile hadithi ya "amemaliza la saba, inatosha" inakwenda kuzikwa.

Na michango? Ada ya sekondari hadi Form Four ilifutwa kuanzia 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku walimu kukusanya michango na watoto kurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Mama aliposikia kwenye redio aliuliza kama wanarudisha na za nyuma.

Lakini kusema ukweli, zipo nyumba ambazo mtoro mkuu ni mzazi. Msiba wa kijijini, denti anasafiri wiki mbili bila barua. Dada wa kazi ameondoka, mtoto wa kike anabakishwa nyumbani kulea. Kikao cha wazazi kinaitwa, wanakuja kumi na wawili, darasa lina watoto themanini. Ukimuuliza mzazi mwalimu wa darasa wa mwanao anaitwa nani, anakuangalia kama umemuuliza mji mkuu wa Mongolia. Kufungua daftari la mtoto ukaona tarehe ya mwisho kuandika ni ya lini, hilo halihitaji ada wala elimu kubwa. Mtoto aliyekuwa shuleni jana ana kitu cha jana ndani ya daftari. Bi mkubwa alinikagua hivyo hadi Form Four, mikono yake ina unga wa ngano na pilipili.

Kwa madenti namba ya kutisha ni 90. Siku 90 mfululizo bila taarifa, jina linafutwa, umejifukuzisha. Jirani yangu wa dawati, binti mpole aliyekuwa ananisaidia Kiingereza, zilimfika mwaka 2015 tukiwa Form Three. Kila asubuhi jina lake linaitwa, kimya, mkasi. Kutoka shuleni hadi kwao ni dakika kumi na tano kwa miguu. Hakwenda mwalimu, hakwenda kiranja, na mimi niliyekuwa nakaa naye dawati moja sikwenda. Nilifikiri amehama. Siku ya 90 ilipopita mwalimu akaweka rula, akapiga mstari mwekundu.

Alikuwa na mimba. Hata angerudi siku ya 30 angekuta mlango umefungwa, maana kanuni za kufukuza wanafunzi za 2002 zilikuwa zinatumika kuwatoa mabinti wa namna hiyo. Aliyempa mimba hakuguswa. Leo mambo yangekuwa mengine: mwaka 2016 sheria ilibadilishwa, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na miaka 30 jela, na Novemba 2021 ukatoka waraka wa kuwarejesha shuleni waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, ndani ya miaka miwili. Yeye kufikia hapo alikuwa nje miaka sita. Zikabaki njia za elimu ya watu wazima, naye alikuwa na mtoto, biashara ya vitumbua na mwenye nyumba anayetaka kodi.

Nilikutana naye majuzi, tukanywa chai palepale anapouzia. Mwanawe anasoma Saint Kayumba ya mbali kidogo, anapanda daladala moja. Saa mbili kamili akafuta mikono, akachukua simu akampigia mwalimu wa darasa. Kumbe ni kawaida yake.

"Shikamoo mwalimu. Wangu amefika?"

Akasikiliza.

"Bado? Basi yuko kituoni, ameondoka hapa saa kumi na mbili kasoro. Nakuomba usimwandike mkasi kwanza, mwalimu."

Akaniachia vitumbua nivigeuze, akavua aproni, akatoka mbio kuelekea barabarani. Viwili niliviunguza.